Tusiite kila kitu alkoholi: funzo kutoka kwa injini za mashindano

Wapo watu wanaodhani kwamba kazi ya mwanaisimu ni kuchungua ngeli na vitenzi tu, na kwamba mambo ya kabureta na pistoni ni ya wale ambao mikono yao imejaa grisi. Makala haya yanakusudia kuwaonyesha walimu na wanafunzi kwamba neno moja likitumiwa ovyo laweza kuiharibu injini katika muda mfupi sana, na kwamba katika nchi yetu neno lilo hilo limechangia kuwapofusha na kuwaua watu. Neno lenyewe ni "alkoholi".

Katika mashindano ya injini ndogo za mapigo mawili, alkoholi imetumiwa badala ya petroli kwa miaka mingi. Hutumiwa katika magari madogo ya mashindano yaitwayo gokati, katika baadhi ya pikipiki na mashua za mbio, na hata katika ndege za mfano ambazo watu huzirusha kwa ajili ya mchezo. Swali ambalo wanaoanza mchezo huu hukosa kuliuliza mapema ni hili: je, mtu aliyekuwa akitumia alkoholi ya aina moja aweza kuhamia alkoholi ya aina nyingine bila ya kubadilisha kitu chochote katika injini yake? Jibu ni kwamba hawezi. Sababu za jibu hilo zina elimu ya kemia, ya hesabu na ya lugha, na ndiyo maana nimeona zinafaa kujadiliwa na wasomaji wa ukurasa huu.

Kabla ya kuendelea, hebu tuafikiane juu ya istilahi. Kiswahili chetu cha kila siku huita petroli "mafuta", huita kilainishi cha injini "mafuta", na huita kile tukaangiacho samaki "mafuta" vilevile. Katika injini ya mapigo mawili, "mafuta" ya kulainisha huchanganywa ndani ya "mafuta" ya kuchoma, na mtu asiye mwangalifu aweza kumwambia fundi "ongeza mafuta" pasipo yeyote kati yao kujua ni yapi. Kwa hiyo, katika makala haya, kile kinachochomwa nitakiita fueli, na kile kinacholainisha nitakiita oili. Tayari msomaji ameona kwamba tatizo la majina halikuanza na alkoholi.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Alkoholi limetoka katika Kiarabu, al-kuhl, yaani ule unga laini wa wanja ambao akina mama wa pwani yetu wameujua kwa karne nyingi. Wanaalkemia wa Ulaya walilichukua neno hilo na kulipa maana ya unga wowote uliosagwa ukawa laini kabisa, kisha maana ya kiini cha kitu chochote kilichosafishwa, na mwishowe maana ya kile kiini kinachopatikana kwa kuvukiza divai. Hivyo ndivyo wanja wa macho ulivyogeuka kuwa kileo. Baadaye wanakemia waligundua kwamba kulikuwa na vimiminika vingine vyenye tabia zinazofanana na za kiini cha divai. Kimojawapo kilipatikana kwa kuchoma miti katika chombo kilichofungwa, kikaitwa spiriti ya mti. Mnamo mwaka wa 1834, Wafaransa wawili, Jean-Baptiste Dumas na Eugène Péligot, walikitafutia jina la kitaalamu kutoka Kigiriki, wakaunganisha neno la divai na neno la mti. Ndipo tukapata mzizi "methi" uliomo katika methanoli. Tazameni basi hatari iliyofichika katika jina hilo: sumu kali imebeba divai ndani ya jina lake.

Wanakemia wenyewe waliiona kasoro ya kutaja vitu kwa majina ya mitaani. Mwaka wa 1892 walikutana mjini Geneva, nchini Uswisi, wakaweka utaratibu wa majina ambao kwao kila kitu kingetajwa kulingana na umbo la molekyuli yake. Methanoli ina atomi moja ya kaboni, ethanoli ina mbili, na zote mbili zina kile kikundi cha oksijeni na haidrojeni kinachozipa ukoo mmoja. Ni ndugu, lakini ndugu hawafanani tabia. Ethanoli ndiyo inayotokana na kuchachua sukari, na ndiyo iliyomo katika kila kinywaji cha kulevya. Methanoli siku hizi hutengenezwa viwandani, hasa kutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Zote hazina rangi, zote huchanganyika na maji, na uzito wa lita moja ya hii unakaribia sana uzito wa lita moja ya ile. Mtu akiwekewa vikombe viwili mezani, macho yake hayatamsaidia. Jina peke yake ndilo litakalomsaidia.

Injini haitazami jina. Inapewa kitu na inakichoma, na kama kitu hicho sicho, itasema kwa kishindo. Hebu tuangalie jinsi injini ya mapigo mawili inavyofanya kazi. Pistoni inapopanda, mchanganyiko wa hewa na fueli hufyonzwa kuingia katika chumba cha krenki kilicho chini yake. Pistoni inaposhuka, mchanganyiko huo hubanwa, ukapitia mifereji ya pembeni na kufika juu ya pistoni, ambako hushindiliwa na kuwashwa na cheche ya plagi. Kila mara krenki inapozunguka, pana mwako mmoja. Katika injini nyingi za aina hii hakuna bakuli la oili chini kama lile la injini ya gari la kawaida. Oili ya kulainisha beringi na kuta za silinda husafiri ndani ya fueli yenyewe. Kwa ajili hiyo, kiasi cha fueli kinachoingia ndicho kinachoamua mambo matatu kwa pamoja: nguvu, ubaridi na ulainishaji. Fueli ikipungua, vyote vitatu hutetereka kwa wakati mmoja.

Ni injini za namna hii zilizozaa mchezo wa gokati. Mwaka wa 1956, huko Kalifornia nchini Marekani, Art Ingels alitengeneza gokati ya kwanza kwa kutumia injini ya mapigo mawili ya kampuni ya West Bend, iliyokusudiwa mashine za kukatia nyasi. Baada ya muda mfupi kampuni ya McCulloch, iliyojulikana kwa misumeno ya injini ya kukatia miti, nayo ikaanza kutengeneza injini za mchezo huo. Washindani hawakuchelewa kugundua kwamba injini hizo zikilishwa methanoli hutoa nguvu zaidi na hazichemki upesi. Tangu hapo somo la alkoholi limekuwa sehemu ya mchezo.

Tufanye hesabu kidogo, na nawaomba walimu wa kemia waipeleke darasani. Ili kila kitu kiungue sawasawa bila ya kubakisha hewa wala fueli, gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Gramu 1 ya ethanoli huhitaji takriban gramu 9. Gramu 1 ya methanoli huhitaji takriban gramu 6.4 tu, kwa kuwa molekyuli yake tayari imebeba sehemu kubwa ya oksijeni. Sasa chukueni gramu 900 za hewa, kwa maana injini hufyonza hewa ile ile bila ya kujali fueli iliyomo tangini. Hewa hiyo itataka gramu 61 hivi za petroli, au gramu 100 za ethanoli, au gramu 140 hivi za methanoli.

Hesabu hiyo fupi ndiyo kiini cha jambo lote. Baina ya ethanoli na methanoli pana tofauti ya asilimia 40 katika kiasi ambacho injini inahitaji. Tofauti hiyo huamuliwa na kitundu kidogo ndani ya kabureta ambacho mafundi hukiita jeti. Kwa vile uzito wa lita za fueli hizi mbili karibu ni sawa, eneo la kitundu hicho sharti liongezeke kwa asilimia 40 hivi mtu anapohama kutoka ethanoli kwenda methanoli. Mwanafunzi anayejua kwamba eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo ataona mara moja kwamba kipenyo huongezeka kwa asilimia 18 tu. Jeti ya milimita 1.00 itakuwa ya milimita 1.18. Ni tofauti isiyoonekana kwa macho, wala haihisiki kwa kidole. Hata hivyo, ndiyo mpaka baina ya injini nzima na injini iliyotoboka. Kwa hakika hesabu hii ni mwanzo tu. Fundi mzoefu huanza na jeti kubwa kuliko ile iliyotolewa na hesabu, kisha hupunguza hatua kwa hatua huku akitazama rangi ya plagi na kupima joto.

Na tuulize: ni nini hutokea mtu akipuuza hayo? Hapa mwelekeo wa kuhama una maana kubwa. Aliyetega jeti yake kwa ajili ya methanoli, kisha akamimina ethanoli, huipa injini gramu 140 mahali inapohitaji 100. Injini hulemewa. Plagi hulowa, moshi huwa mwingi, nayo injini hukataa kuchanganya kasi. Dereva ataona aibu, lakini injini yake itakuwa salama. Aliyetega kwa ajili ya ethanoli, kisha akamimina methanoli akidhani kwamba alkoholi ni alkoholi, huipa injini gramu 100 mahali inapohitaji 140. Injini huona njaa. Joto hupanda, na oili inayopita haiendani na mzigo huo wa joto. Pistoni hupanuka ikakwama katika silinda, au kichwa chake huyeyuka na kutoboka. Makosa yote mawili yametokana na neno moja, lakini moja humgharimu mtu mbio na jingine humgharimu injini.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini basi watu wasumbuke na methanoli ikiwa inanyweka kwa wingi kiasi hicho. Sababu kubwa ni ubaridi. Yeyote aliyepakwa spiriti mkononi kabla ya kudungwa sindano anaufahamu ubaridi unaohisika spiriti inapokauka: kimiminika kinapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka pale kilipo. Kilo moja ya methanoli huchukua takriban kilojuli 1,100 inapovukizwa. Ethanoli huchukua kiasi pungufu ya hapo, na petroli huchukua takriban 350 tu. Tukikumbuka kwamba methanoli huingia kwa wingi zaidi kwa kila kilo ya hewa, tutaona kwamba ubaridi unaoletwa na methanoli ni kama mara 7 ya ule wa petroli, na ule wa ethanoli ni kama mara 4. Hewa baridi hushikamana, kwa hiyo nyingi zaidi huingia katika silinda, na injini huweza kushindilia zaidi bila ya kugonga. Faida ya nguvu inatoka huko, wala si katika wingi wa nishati iliyomo ndani ya fueli. Lita moja ya methanoli ina nusu tu ya nishati ya lita ya petroli, na ethanoli ina kama theluthi mbili.

Tukija kwenye oili, jambo linazidi kuwa la kuvutia, kwa sababu hapa Kiswahili kina jina lake la tangu jadi. Oili za kawaida zitokanazo na petroli ya ardhini haziyeyuki katika methanoli. Zikimiminwa humo hujitenga zikakaa peke yake, na injini hunyweshwa fueli tupu isiyo na ulainishi. Lakini mafuta ya mbarika, yale yale ambayo wazee wetu waliwanywesha watoto kusafisha matumbo, huyeyuka vizuri katika alkoholi, kwa sababu molekyuli zake zina kikundi kile kile cha oksijeni na haidrojeni. Ndiyo maana mafuta ya mbarika yamekuwa rafiki wa injini za mashindano tangu zamani. Shirikisho la kimataifa la michezo ya angani, kwa injini za mapigo mawili za ndege za mfano zinazoshindania kasi, limeweka fueli rasmi yenye methanoli asilimia 80 na mafuta ya mbarika asilimia 20. Katika nyingi za injini ndogo kama hizo hakuna hata cheche ya umeme baada ya kuwashwa. Waya wa platini ulio katika plagi hubaki ukiwaka kwa sababu mvuke wa methanoli huchochea joto unapoigusa platini. Ethanoli haiwezi kazi hiyo kwa ubora ule ule. Hapo tena mtu akiambiwa "tia alkoholi" bila ya kuambiwa ipi, injini itamgomea.

Pana mtego mwingine wa oili ambao hata wenye uzoefu huusahau. Tuseme mtu ametumia methanoli yenye oili asilimia 5. Katika zile gramu 140 mna gramu 7 za oili. Akihamia ethanoli akapunguza jeti ipasavyo, na akaacha asilimia ile ile 5, katika gramu 100 mtakuwa na gramu 5 tu. Amepunguza ulainishi kwa zaidi ya robo bila ya kujua. Ili abaki na gramu 7, sharti apandishe kiwango cha oili hadi asilimia 7. Aliyejifunza uwiano darasani na akadhani ni hesabu ya kufanyia mtihani tu, ajue kwamba hapa ndipo mahali pake.

Tusisahau maji. Alkoholi zote mbili huyafyonza maji kutoka hewani, na ethanoli isafishwayo kwa kuvukizwa kwa njia ya kawaida haipiti asilimia 96 hivi. Inayobakia ni maji. Maji hayaungui, na yakizidi huifukuza oili kutoka katika mchanganyiko. Methanoli nayo hula alumini na magnesi, na huharibu baadhi ya mipira na plastiki. Kwa hiyo anayehama hana budi kumwaga tangi lote, kuosha mirija na kabureta, kubadilisha mipira isiyostahimili fueli mpya, na kuchanganya fueli na oili upya katika chombo safi. Mashindano yakiisha, fueli haiachwi ikalala ndani ya injini. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, nao hawakuwa na kabureta.

Kama kuna anayefikiri kwamba tahadhari zote hizi ni za watu wenye injini ndogo tu, na aangalie mashindano makubwa ya magari ya Indianapolis nchini Marekani. Injini za huko ni za mapigo manne, lakini funzo ni moja. Mwaka wa 1964 ajali ya moto wa petroli iliwaua madereva wawili, Eddie Sachs na Dave MacDonald. Baada ya hapo magari ya mashindano hayo yalihamia methanoli, ambayo moto wake huzimika kwa maji. Lakini methanoli ilikuja na hila yake: mwali wake hauonekani mchana. Mwaka wa 1981 fueli ilimmwagikia dereva Rick Mears alipokuwa akijazwa tangi, naye akaungua uso huku watu waliokuwa karibu wakishindwa kuuona moto wenyewe. Mwaka wa 2006 mashindano ya ligi hiyo yalianza kuchanganya ethanoli asilimia 10 ndani ya methanoli, na mwaka wa 2007 yakahamia ethanoli yenye petroli asilimia 2. Je, waliimimina tu? Hasha. Injini ziliongezwa ukubwa kutoka lita 3.0 hadi lita 3.5, na matangi yakapunguzwa kutoka galoni 30 hadi galoni 22, kwa sababu ethanoli hainyweki sana. Walihama kutoka alkoholi kwenda alkoholi, na bado walibadilisha gari.

Nchi nzima pia imewahi kuhama. Brazili, iliyoanzisha mpango wake wa kuendesha magari kwa ethanoli ya miwa mwaka wa 1975, ilipungukiwa na ethanoli mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka wa 1990 ikaanza kuuza mchanganyiko wa ethanoli asilimia 60, methanoli asilimia 33 na petroli asilimia 7. Uwiano huo ulipimwa ili magari ya ethanoli yaendelee kwenda bila ya kuguswa kabureta: methanoli ilileta njaa, petroli ikaipunguza. Magari yalikubali. Mjadala mkali ulikuwa juu ya afya za wafanyakazi wa vituo vya fueli ambao mikono na mapafu yao yangekutana na methanoli kila siku. Wabrazili waliona kwamba injini ikishapata haki yake, bado kuna mtu aliyesimama kando yake.

Na huyo mtu ndiye anayenirudisha nyumbani. Sisi Wakenya si wageni katika jambo hili. Kuanzia mwaka wa 1983 hadi 1993, ethanoli iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ilichanganywa na petroli na kuuzwa katika vituo vyetu. Lakini kwa wengi wetu neno alkoholi halikumbushi Muhoroni. Linakumbusha Novemba mwaka wa 2000, pale pombe haramu iliyotiwa methanoli ilipowaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kuwaacha wengine vipofu. Linakumbusha Mei mwaka wa 2014, pale makumi ya watu walipokufa katika kaunti kadhaa kwa sababu ile ile.

Mwili wa binadamu, kama injini, hautazami jina. Ini hupokea ethanoli na methanoli kwa kimeng'enya kimoja. Ethanoli huvunjwa ikawa vitu ambavyo mwili unaweza kuviondoa, ingawa kwa taabu. Methanoli hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva za macho. Mililita 10 za methanoli safi zaweza kumpofusha mtu, na mililita 30 zaweza kumuua. Tena, sumu hii huingia kwa ngozi na kwa pumzi pia, ndiyo maana fundi wa mashindano huvaa glavu na kufanya kazi mahali penye hewa. Katika gereji ambamo pipa la methanoli na pipa la ethanoli husimama bega kwa bega, yote mawili yakiwa yameandikwa "alkoholi", tunazo ajali mbili zinazosubiri siku yake: moja ya pistoni na nyingine ya mtu atakayeonja.

Haitoshi kusema kwamba watu wale walikufa kwa tamaa ya wauzaji. Tamaa ilikuwapo, na sheria ina kazi yake. Lakini tamaa hupata nguvu pale ambapo mnunuzi hana neno la kutofautisha. Mtu aliyefundishwa kwamba alkoholi ni kileo, na kwamba kileo kikali ni kile chenye alkoholi nyingi, atajilinda kwa neno gani akiambiwa kwamba kinywaji hiki "kimeongezwa alkoholi"?

Wako wanaosema kwamba mambo ya sayansi yaachiwe Kiingereza, kwani istilahi zake zimekwisha kuwa tayari. Nawajibu kwamba fundi wa Kariobangi au wa Kongowea hazungumzi na mwanafunzi wake wa gereji kwa Kiingereza, wala mnywaji hamwulizi muuzaji kwa Kiingereza. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumwonya raia juu ya sumu itakuwa rasmi kwa sherehe tu.

Wako pia wenzangu katika taaluma ya lugha wanaopenda kila istilahi iwe na asili ya Kibantu, na ambao wangependelea methanoli iitwe "pombe ya mti". Ninaiheshimu nia yao, lakini hapa siwezi kuwaunga mkono. Jina hilo lingerudia kosa la Dumas na Péligot, la kutia divai ndani ya jina la sumu, na lingefanya hivyo katika lugha ambayo neno pombe linaeleweka na kila mtoto. Istilahi bora haipimwi kwa asili yake tu. Hupimwa kwa uwezo wake wa kumzuia mtu asikosee. Mafuta ya mbarika yabaki mafuta ya mbarika, kwa sababu jina hilo ni letu na halimdanganyi mtu. Methanoli na ethanoli zibaki hivyo, kwa tahajia ya Kiswahili, kwa sababu ugeni wa majina hayo ni kengele inayomwambia msomaji asimame aulize.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa sayansi na walimu wa Kiswahili washirikiane. Mwalimu wa kemia asiseme "alkoholi" peke yake anapomaanisha mojawapo, na mwalimu wa Kiswahili alitumie jozi hili la maneno anapofundisha jinsi maana inavyopanuka na kufinyika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka wa 1990. Kazi ya aina hiyo haina faida ikiwa itabaki kwenye rafu. Pili, vyuo vya ufundi viwafundishe wanafunzi hesabu ya jeti na ya oili kwa Kiswahili, ili aliyehitimu aweze kumweleza mteja kwa nini fueli hii si ile. Tatu, kila pipa na kila chupa ya methanoli, iwe ni ya maabara ya shule, ya kiwanda au ya gereji ya mashindano, iandikwe jina lake kamili kwa Kiswahili, na chini yake neno SUMU kwa herufi kubwa.

Asiyejua maana, husema wahenga, haambiwi maana. Lakini shule zipo kwa ajili ya asiyejua maana, na huyo ndiye tunayepaswa kumwambia. Mwanafunzi atakayemaliza darasa akijua kwa nini gramu 900 za hewa hutaka gramu 100 za ethanoli lakini gramu 140 za methanoli hatayachanganya tena mapipa hayo mawili. Ataiokoa injini yake, na huenda siku moja, akikuta kikombe mezani mwa jirani, ataokoa uhai.